Mlango wa Upande wa Mama

Baba tulimzika Usangi, mgombani, mahali alipopachagua mwenyewe angali na nguvu za kuchagua. Siku ya kugawana vitu, wadogo zangu wa mama mwingine waligombea redio iliyokufa na koti la mvua, mimi nikaachiwa sanduku la spana kwa kuwa hakuna aliyelitaka. Sikulitaka hata mimi. Nililibeba kwa basi mpaka kwangu likinigonga magoti njia nzima, nikaliacha barazani wiki nzima bila kuligusa.

Nilipolifungua nilipigwa na harufu ya mafuta ya nazi yaliyochacha. Kwetu Upareni watu wa rika la Baba hawakupikia nazi, na yeye mwenyewe alikuwa akiisema vibaya maisha yake yote. Harufu ile ilikuwa ya Mtwara, ya nyumba yetu ya kupanga kule Likombe. Chini ya nyundo na tupa nikakuta kitambaa cha flana kimefungwa fundo, na ndani ya kitambaa bushi nne za mpingo, vipete vyeusi virefu kiasi cha kidole gumba cha mtoto. Mbili zilikuwa na grisi iliyogandamana, mbili safi kabisa. Nje zimekaa kama yai lililobonyezwa, ndani tundu la duara. Zilitengenezwa kwa ajili ya mlango mmoja tu duniani, na mlango ule naujua.

Wenzangu mliokulia Mtwara miaka ile mtakumbuka mabibo yalivyokuwa yakidondoka juu ya mabati usiku kucha. Sisi tulikuwa na mkorosho mmoja uani, na chini yake iliegeshwa Landrova ya Baba. Aliinunua kwa mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa akirudi kwao, na aliinunua kwa jambo moja tu, kumrudisha Mama nyumbani. Baba alikuwa karani bandarini, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni. Gari hakulijua, alijifunza akiwa na miaka kama thelathini na tano, umri ambao wengine waliuita uzee. Mama alikuwa anaumwa. Alivimba miguu, alihema akipanda ngazi moja ya baraza, na usiku alilala ameegemea mito kama mtu anayesubiri mgeni.

Alikuwa na ombi moja na hakulificha. "Nirudishe kwa mama yangu, Baba Naki," alikuwa akisema, hata mbele ya wageni. "Mchanga huu mimi siuwezi." Meli aliikataa. Alipokuja nayo mara ya kwanza alitapika tangu Dar mpaka gatini, akaapa kwamba maji ya chumvi na yeye basi. Mabasi ya barabara ya kusini mnayajua wenyewe. Basi ikabaki Landrova, na ilikuwa lazima iondoke kabla ya masika, maana mvua ikishaanza, barabara ya kwenda pantoni ya Rufiji ilikuwa inakatika na ndio basi hadi kiangazi kingine.

Gari lenyewe lilikuwa zee lakini linakwenda. Tatizo lilikuwa mlango wa kushoto, upande wa abiria, upande ambao Mama angekaa. Bawaba zake zilikuwa zimeliwa. Zile pini zilishachimba matundu yake mpaka yakawa mapana, mlango ukashuka, na kitasa hakikukutana tena na mahali pake. Ili kuufunga ilibidi uunyanyue kwa goti kutoka chini huku ukiuvuta kwa mikono miwili. Hata hivyo gari likiingia shimoni ulifunguka. Siku moja Baba alimpa lifti jirani yetu Bi Somoe kwenda Mikindani na tenga la kuku. Kwenye kona ya kwanza yenye mashimo mlango ukaachia, tenga likaruka barabarani, na kuku watatu wakafa palepale. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Niliwaona walivyokuwa wamelala. Bi Somoe alicheka mpaka akalia, akatupikia wale watatu, akasema aliyekufa kwa Landrova ni mtamu kuliko wa kisu. Uongo mtupu, Bi Somoe hangekula kuku asiyechinjwa hata kwa bakora. Alitupikia sisi, yeye akala mhogo.

Mafundi wa mjini walimwambia Baba lugha moja. Bawaba mpya hakuna, spea hadi ziagizwe, na zikiagizwa hazijulikani zitafika lini. Kila jioni akirudi kazini alivua shati jeupe, akalala chini ya ule mlango na jeki na vipande vya bati, akijaribu kuuinua. Mama alikaa barazani akimtazama. "Umefika wapi?" akauliza. "Bado kidogo," Baba akajibu. Nilikuwa na miaka minane, nikajua kwamba maisha yetu yote yanangoja ile "bado kidogo".

Kisha wakampeleka Mama hospitali. Alilazwa siku chache, na siku ya kumtoa daktari alimwita Baba pembeni, kwenye baraza la wodi. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Baba, na watu wazima wa siku zile hawakujali kama mtoto anasikia.

"Moyo wake umechoka, bwana," daktari akasema. "Akitulia, akila vizuri, anaweza kukaa. Lakini usimsafirishe. Ile barabara siku tatu, atafia njiani."

"Anataka kwenda kwa mama yake," Baba akasema.

"Basi mwambie ukweli."

"Wewe ndiye daktari. Mwambie wewe."

"Na wewe ndiye mume," daktari akasema, akaingia wodini.

Nilielewa kila neno, na sikuelewa kitu. Atafia njiani! Mimi nilishaona namna ya kufia njiani. Mlango utaachia, Mama atatupwa kama lile tenga, atalala barabarani kama wale kuku. Moyo kuchoka sikukuona kuwa ni jambo, mbona hata mimi nilikuwa nachoka. Ubaya wote wa dunia niliuona uko kwenye zile bawaba mbili, na nikafurahi, naona haya kusema, nikafurahi kweli, maana bawaba ni kitu cha kutengenezwa. Mlango ukifunga, Mama hafi. Niliingia kwenye gari nikimhesabia Mama mambo tutakayofanya Usangi. Baba aliendesha polepole, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umepita kifuani kwa Mama kuushikilia ule mlango.

Hakumwambia. Ninavyomjua Baba, alipanga kumwambia kesho, na kesho yake akapanga tena. Kila jioni aliendelea kulala chini ya gari, na Mama aliendelea kuuliza amefika wapi. Nadhani wale mafundi wasio na spea walikuwa wamemwokoa. Hakuna aliyemlaumu mtu kwa kukosa spea. Angeweza kungoja hivyo mpaka masika ifunge njia, na masika ingemsemea yale yaliyomshinda.

Lakini hakumtia Bi Somoe hesabuni. Yeye ndiye aliyeleta habari ya Mzee Rafaeli, mchonga vinyago wa Mtawanya, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma aliyekimbia vita vya Mreno. "Yule anachonga mpingo mpaka unadhani chuma," alimwambia Mama. "Mpelekeeni ile bawaba aitazame. Kuna ubaya gani?" Mama akasema aitwe siku hiyohiyo. Baba alipotoka kazini alimkuta mgeni ameshalala chini ya mkorosho, anachungulia bawaba za gari.

Mzee Rafaeli goti lake moja lilikuwa halikunjiki. Alitembea akiutupa ule mguu mbele, na alipokaa chini alinyoosha miguu yote miwili. Aliushika mlango kwa chini, akaupandisha na kuushusha taratibu, ameinamisha kichwa, anausikiliza.

"Nnango mzima huu, Bwana karani," akasema. "Mbovu matundu. Chuma kimekula chuma. Mie nitatia mti katikati."

"Mti utahimili, mzee?" Baba akauliza. "Barabara ya Rufiji si mchezo."

"Mpingo huo! Kwetu tulifanyia bushi za baisikeli, za mashine ya kusaga. Ukiupika kwenye mafuta, wewe utakufa, gali litakufa, wenyewe upo."

Mama alicheka barazani. Ulikuwa muda hatujamsikia akicheka.

Pesa Mzee Rafaeli aliikataa. Alitaka malipo ya aina nyingine, kwamba mlango ukipona, Baba ampeleke Kitaya, kwenye ukingo wa Ruvuma. Siku alipovuka mto, mkewe alibaki nyuma na mtoto mchanga, na alikuwa amesikia kwamba watu wa kijiji chake wameanza kuvukia Kitaya. Kwa goti lile hakuweza kutembea mpaka huko, wala kupanda nyuma ya malori. "Nikae tu pale kwenye maji siku moja," alisema. "Niulize wanaopita." Baba alisema sawa. Angesema nini tena, na Mama ameshaitikia kabla yake?

Kazi aliifanyia uani kwetu, na mimi sikuondoka pale ila kwa kuitwa kula. Alikaa amenyoosha miguu, kipande cha mpingo kimebanwa kati ya nyayo zake mbili, tezo linapanda na kushuka karibu na vidole mpaka nikawa nafumba macho. Hakuyatia matundu ya bawaba tupa ili yawe duara. Aliyaacha na ubovu wao. Alisema ukianza kuusawazisha ubovu wa chuma chembamba utakimaliza chote. Alichofanya ni kuichonga bushi kwa nje ifuate vile tundu lilivyoliwa, huku kumepanuka, huku kumebana, akawa anaijaribu, anaitoa, anaikwangua kidogo, anaijaribu tena. Ndani alitoboa kwa chuma cha moto, na moshi wa mpingo ukatuwasha macho. Akaisugua kwa majani ya msasa. Halafu Bi Somoe akaleta mafuta ya nazi, bushi zikapikwa kwenye sufuria ndogo taratibu, asubuhi mpaka adhuhuri, zikaachwa zilale humohumo. Nyumba nzima ilinuka. Mama, ambaye kwa ugonjwa wake harufu ndogo tu ilimtibua, alisema hiyo iacheni.

Siku ya kuzifunga, Mzee Rafaeli alizigonga kwa kipande cha ubao ziingie bila kuumia, akapitisha pini, akapaka grisi. Kisha akaniita mimi. "Funga, mjukuu."

Nikajiandaa kunyanyua kwa goti kama kawaida. Akanizuia. "Kidole tu."

Nikausukuma kwa kidole. Mlango ukaenda wenyewe, ukakaa mahali pake, kap. Nikaufungua, nikaufunga, kap. Mama alinyanyuka barazani akiishikilia nguzo. "Funga tena, Naki," akasema, na nikafunga, na akasema tena, na tena. Bi Somoe akapiga kigelegele. Mimi nililia, kwa kuwa nilijua kitu ambacho wao wote hawakijui, kwamba Mama hatakufa. Nilimtazama Baba nimshirikishe kwa macho. Alikuwa amesimama na spana mkononi, hacheki, nikadhani anaona wivu kushindwa na mchonga vinyago.

Safari ikapangwa Jumatatu alfajiri. Mama alifunga mizigo amekaa kitandani, ananielekeza kwa kidole. Alimwekea mama yake korosho, na pweza mkavu, ijapokuwa bibi yangu hangekula pweza hata umtishe kwa fimbo. Alitaka tu amwone akishtuka. Jumamosi baada ya chakula cha mchana Baba akasema anakwenda kulijaribu gari njia ya Mikindani. Nikataka kwenda naye. Alinikatalia, na alinikatalia kwa ukali ambao haukuwa wake.

Alirudi jioni, mlango umefungwa kwa kamba ya mkonge, umening'inia kama zamani. Alisimama mbele ya baraza, hakupanda.

"Zimepasuka," akasema. "Zote mbili. Nimezitupa huko porini."

Mama alimtazama. "Zote mbili?"

"Mti ni mti, Mama Naki. Si chuma."

Zipo hapa mezani ninapoandika. Nimezipitishia ukucha, nimezipeleka dirishani penye mwanga, nimeazima macho ya mjukuu wangu. Hazina ufa. Zina ule mng'aro wa kitu kilichofanya kazi yake siku chache na kilikuwa tayari kufanya miaka. Alisimama mahali fulani njia ya Mikindani, mtu wa shati jeupe, akachomoa pini, akazitoa moja moja bila kuzikwaruza, akazifunga kwenye flana. Kisha akaushusha mlango kwa mikono yake. Kuzitupa hakuweza.

Habari zilifika Mtawanya siku ileile, Bi Somoe hakuwa mtu wa kulala na neno tumboni. Mzee Rafaeli hakuja. Tuliambiwa amejifungia, hataki kusemeshwa. Mimi nilimchukia kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa na hakika kwamba amemuua mama yangu, na nilingoja tu litokee.

Wiki hiyo, mchana Baba akiwa kazini, Mama aliniambia nimshike mkono twende kwenye gari. Katika hatua chache zile tulipumzika njiani. Niliufungua mlango, ukashuka na kukwaruza, nikamsaidia kupanda, akakaa kwenye kiti chake akihema. Alikaa muda mrefu akitazama mbele, kwenye ukuta wa choo, kama ndiko barabara inakokwenda. Baadaye akapeleka mkono kwenye bawaba. Alipenyeza kidole kwenye nafasi kati ya pini na tundu, kikatoka na grisi nyeusi. Akakinusa. Akapitisha tena, taratibu, akiukagua mzunguko wote. Mpingo ukipasuka ndani ya chuma huacha vibanzi, hata mtoto anajua. Hapakuwa na kibanzi hata kimoja.

"Baba yako mwoga," akasema.

"Anaogopa kuendesha?" nikauliza.

"Ndiyo," Mama akasema. "Anaogopa kuendesha. Usimwambie nimesema."

Akajifuta kidole kwenye kanga yake na kuniambia nimrudishe. Tangu siku ile hakuuliza tena "umefika wapi". Baba alipolala chini ya gari jioni, alimpelekea chai kwa mkono wangu, akakaa barazani amenyamaza. Niliona jinsi alivyotulia nikajipa moyo kwamba anapata nafuu, kwamba hata Usangi ameisahau. Leo najua kuwa alikuwa ameshaambiwa. Baba alimwambia kwa mlango, na yeye akamjibu kwa kunyamaza, na hakuna kati yao aliyemshika mwenzake mkono walie pamoja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mvua ya kwanza ilipiga, na ya pili. Mama alikufa alasiri, ameegemea mito yake, Bi Somoe akimkanda miguu. Kama alipata siku zaidi kwa kubaki, sijui zilikuwa siku za namna gani. Alikuwa anangoja tu.

Tulimzika Mtwara. Wanaume wa kwetu waliokuwa wakifanya kazi pale, walimu na watu wa bandari, walichimba wenyewe, na ule mchanga ukawashinda. Kwao walizoea udongo mwekundu, ukiukata unasimama. Huu kila walipofika kiunoni kuta ziliporomoka, wakaanza upya, wakaleta mbao za kuuzuia. Nilisikia mmoja akinong'ona, "Tunamlaza kwenye nini jamani?" Baba alisikia pia. Mama alikuwa ameukataa mchanga kwa kinywa chake, siku zote, mbele ya watu.

Siku ya pili ya msiba Mzee Rafaeli akaja, ameutupa mguu wake tangu Mtawanya kwenye matope. Hakuketi na wanaume. Alikwenda moja kwa moja mbele ya Baba, akapiga goti lile moja linalokunjika, akafungua kitambaa. Bushi mbili mpya. Alikuwa amezichonga kwa kukumbuka umbo la yale matundu, bila kuyaona tena.

"Nisamehe, Bwana karani," akasema. "Ule mpingo wa kwanza ulinidanganya. Nilidhani umekomaa. Huu ni wa moyoni kabisa, huu hautapasuka. Nimechelewa. Mama amekwenda na mimi nimechelewa."

Wote waliokuwa pale waliinamisha vichwa. Nilimtazama Baba. Midomo yake ilitikisika na mimi nikadhani ni msiba. Akanyoosha mikono miwili, akazipokea.

Hata hivyo ahadi ya Kitaya aliitimiza. Mvua zilipopumzika alimpitia Mzee Rafaeli, na kwa kuwa sikuwa na wa kuachiwa siku hiyo, nilikaa katikati yao. Mlango wa kushoto ulikuwa umefungwa kamba. Zile bushi mpya Baba hakuzitia, si siku ile wala siku yoyote mpaka alipoliuza gari. Nilidhani amezipoteza. Leo naelewa. Angezitia, mlango ungefunga, na angelazimika kuusikia kila alipopanda.

Kitaya tulikaa mpaka jua likaanza kuteremka. Watu walivuka kwa mitumbwi, na Mzee Rafaeli aliwauliza kila mmoja, kwa Kimakonde, jina la mkewe na jina la kijiji. Mwishowe mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamwambia kijiji hicho kilichomwa, wenyewe walitawanyika, hajui nani alikwenda wapi. Mzee Rafaeli akamshukuru. Akapanda gari bila kusaidiwa. Miaka iliyofuata, Msumbiji walipopata uhuru, naye alivuka kurudi, na kuanzia hapo hakuna aliyewahi kuniambia habari zake. Nimeuliza tangu sanduku lile lifike kwangu. Ningempelekea nini, hata nikimpata? Bushi?

Wakati wa kurudi kamba ililegea. Mzee Rafaeli alipitisha mkono nje ya dirisha, akaushika mlango kwa juu na kuuvuta kwake, akakaa hivyo safari nzima, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Barabara ilikuwa imechimbwa na mvua. Kila mara gari letu lilipoingia shimoni mlango uliruka mkononi mwake ukagonga, na kila ulipogonga alimgeukia Baba.

"Nisamehe, Bwana karani. Ule mpingo wangu."

Na Baba, macho mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, alimjibu kila mara kwa sauti ya upole, mpaka tukaziona taa za Mtwara:

"Haidhuru, mzee. Nimekusamehe."